Ukiinua Gari Kanyenye

Mtu wa Kanyenye, mtaa wa Tabora, akivua tairi zilizokuja na gari lake akavalisha kubwa zaidi, mtaa unajua kabla ya magharibi. Land Cruiser iliyokuwa ikipita kimya sasa inanguruma kwenye lami, na watoto wanajipima mabega kwenye gurudumu. Mwenyewe anadhani amenunua mpira. Kumbe amejitangaza. Msiba ukitokea kijijini wakati wa masika, jina lake ndilo litakalotajwa kwanza. Mama mjamzito akikwama upande wa pili wa mbuga, mlango utakaogongwa saa nane ya usiku ni wake. Asali ikiwa imeshakamuliwa porini na njia imeoza, shemeji zake watakumbuka ghafla kwamba hawajamsalimia siku nyingi.

Mambo haya hayakuanza na magari. Wasafiri wa Kiingereza Richard Burton na John Hanning Speke walipofika Tabora Novemba 1857, mahali wao walipopaita Kazeh, Wanyamwezi walikuwa wameshazoea kwenda pwani na kurudi kwa miguu, safari ya miezi. Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, karibu kilo 32. Wenye kifua walichukua pembe za ndovu. Hao walitangulia, nyuma ya kirangozi, kiongozi wa msafara, mwenye manyoya kichwani, na pembe ilifungwa kengele ili watu wasikie nani anakuja. Kijana ambaye hajaiona pwani alichekwa. Kubeba kizito kulikuwa fahari, ila fahari yenye masharti: ukidai pembe kisha ukaitua katikati ya pori la Mgunda Mkali, ambako maji ni ya kutafutwa, umewaponza wenzako wote. Reli ya Kati ilipofika hapa mwaka 1912, upagazi wa masafa marefu ulififia. Desturi ya kumheshimu mtu kwa anachoweza kubeba ikabaki mjini.

Leo lami inakwenda Nzega, Urambo na Sikonge, na mgeni angedhani habari ya tairi imekwisha. Lakini mizinga ya nyuki haitundikwi kando ya lami, wala tumbaku hailimwi hapo. Iko ndani ya miombo, na njia ya kwenda huko ina tabia mbili katika safari moja: juu mwinukoni ni mchanga, bondeni ni mbuga, ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao kiangazi hupasuka na kuanzia Novemba hushika gurudumu hadi liwe duara la tope lisilo na meno.

Ndiyo maana fundi mzuri hakuulizi unataka tairi ya ukubwa gani. Anauliza unakwenda wapi na unapakia nini. Vijana wengi huja wameshaamua. Prado ya zamani yenye tairi za 265/70R16 wanataka ivae 285/75R16. Kwenye karatasi, kipenyo kinatoka milimita 777 hadi 834, yaani ongezeko la milimita 57. Watu husikia 57 wakafurahi, wakasahau kwamba gari linainuka nusu yake tu, kwa kuwa ekseli iko katikati ya gurudumu. Umepata chini ya sentimita tatu. Kwa hizo sentimita umelipa mengi. Gia zote zimekuwa nzito kwa karibu asilimia 7, kwa hiyo mlima uliopandwa kwa gia ya tatu sasa unadai ya pili. Mshale wa spidi ukionyesha 80, wewe uko karibu 86, na trafiki hatasikiliza habari za tairi. Breki zinasimamisha gurudumu zito zaidi, beringi zinalalamika mapema, na usukani ukikatwa hadi mwisho mpira unakwaruza madigadi.

Wazee wa udereva, wale walioendesha magari ya misheni na ya mashirika, wana msimamo wao, nami nakubaliana nao kuliko ninavyopenda kukiri mbele ya vijana. Wanapenda 7.50R16: ndefu, nyembamba, isiyo na mvuto wowote wa macho. Katika mbuga yenye sakafu ngumu chini ya tope, tairi nyembamba hukata hadi ikaikuta ile sakafu, wakati tairi pana huelea juu ikiteleza. Tena ina tyubu, na mara nyingi hukaa kwenye rimu yenye pete inayofunguliwa kwa mtaimbo. Pancha ikitokea porini, dereva na utingo wake wanaiziba wenyewe chini ya mninga. Tairi pana ya kisasa, ubavu wake ukichanwa na kisiki, inasubiri mjini.

Mchangani hesabu inageuka: upana unasaidia. Hata huko, dawa ya kwanza haiuzwi dukani. Punguza upepo kutoka psi 35 hadi karibu 18, tairi ilale, alama yake ardhini irefuke, na gari linatoka. Kinachohitajika ni pampu ya kurudishia upepo na subira ya kuitumia, na subira ndiyo inayokosekana kwa mtu aliyenunua tairi ili aonekane.

Huyo hushughulikiwa na utani. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu zama za misafara, na Mzaramo aliyehamia Tabora hatamwacha mwenye gari refu apumzike. Atamuuliza kama anakwenda kuvuna maembe bila ngazi. Gari likikwama, mtani atatangaza msiba wa tairi na kudai ubani. Hakuna ruhusa ya kukasirika. Nimeona ushauri ambao baba hakuweza kumpa mwanawe ukifika kwa njia hiyo.

Na kabla gari halijaondoka gereji, fundi makini hafanyi jaribio likiwa tupu. Huwaita waliosimama kutazama wapande nyuma, wanene kwanza, hadi springi zilale kama zitakavyolala siku ya safari. Kisha usukani unakatwa kulia hadi mwisho, kushoto hadi mwisho, mtu mmoja akiwa amechuchumaa kusikiliza kama mpira unagusa. Wanaopanda hucheka na kupeana zamu, na wengi wao wameshachagua kiti watakachokalia.