AVC si karuho: tansio isiyouma ndiyo inayoangusha wengi

Jumapili moja, baba yangu mdogo alirudi nyumbani kwake, mjini Bukavu, kutoka kwenye karamu ya ndoa. Alikuwa amekula kidogo na kunywa soda moja. Alipokaa kitini ili avue viatu, mkono wa kuume ulikataa. Akataka kumwita mke wake, lakini maneno yakatoka yamevurugika kama ya mlevi. Saa moja haikupita, nyumba ilikuwa imejaa watu na hukumu imekwisha kutolewa: amelishwa karuho kule kwenye ndoa.

Alipewa dawa ya kienyeji ya kutapisha. Siku ya pili akapewa nyingine. Alifikishwa hospitali siku ya tatu, na mganga alipompima tansio akakuta 21 kwa 12. Haikuwa sumu. Ilikuwa AVC, yaani kiharusi.

Sisemi kwamba sumu haipo katika Kivu. Kila familia ina habari yake, na hofu hiyo haikuanza jana. Lakini kwa kawaida sumu haichagui upande mmoja wa mwili. Mtu ambaye mdomo umepinda upande mmoja, mkono na mguu wa upande mmoja vimelegea, na maneno yamempotea ghafla, shida yake inaweza kuwa kichwani, ndani ya ubongo. Ubongo unaishi kwa damu, na damu ikikosa kufika sehemu fulani, sehemu hiyo inaanza kufa kwa dakika, si kwa siku.

Damu inaweza kukosa kufika kwa njia mbili. Kuna mshipa unaozibwa na bonge la damu, na hiyo ndiyo AVC inayopata watu wengi zaidi duniani. Kisha kuna mshipa unaopasuka na damu kumwagika ndani ya ubongo. Hii ya pili ni hatari sana, na katika Afrika inaonekana mara nyingi zaidi kuliko Ulaya. Kwa macho, hakuna anayeweza kuzitofautisha. Inahitajika skana, na katika upande wetu wa mashariki mashine hizo ni chache.

Nyuma ya njia zote mbili, sababu kubwa ni moja: tansio ya juu. Miaka na miaka damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu, mishipa midogo ya ubongo inakuwa migumu, inachakaa, na siku moja inaziba au inapasuka. Ubaya wake ni kwamba haiumi. Wengi wanafikiri kwamba tansio ikipanda watasikia kichwa kinauma au moyo unadunda. Mara nyingi hawasikii kitu. Shirika la Afya Duniani linasema karibu nusu ya watu wazima wenye tansio ya juu hawajui kama wanayo.

Baba mdogo, yeye, alikuwa anajua. Miaka miwili mbele ya hapo alipimwa, akaandikiwa vidonge, akavimeza kwa mwezi mmoja. Alipojisikia mzima akaviacha. Tulivikuta ndani ya sanduku lake, bado vimefungwa katika karatasi ya duka la dawa. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Vidonge vya tansio si kama vya malaria ambavyo unamaliza na kupona. Vinashusha tansio siku unayovimeza. Ukiacha, inapanda tena. Kuna wanaoacha kwa kukosa pesa, na kuna waliokimbia vita wakaacha kila kitu nyumbani, pamoja na dawa. Hao siwezi kuwahukumu.

Mwaka 2018, watafiti wa Ghana na Nigeria walichapisha kazi waliyoifanya juu ya wagonjwa wa AVC zaidi ya 2000. Tansio ndiyo ilikuwa mbele ya yote. Zilifuata sababu nyingine kama mafuta mengi katika damu, kisukari, unene wa tumbo, ugonjwa wa moyo, sigara, mawazo mengi na kukaa bila kutembeza mwili. Mbili zinagusa sahani zetu moja kwa moja: kuongeza chumvi mezani, na kutokula majani mabichi ya kijani kila mara. Lengalenga, matembele na sombe tunavyo, na bei yake si ya nyama. Lakini tunavipika na kibe mbili za Maggi, chumvi juu yake, na pembeni kipande cha makayabo. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo cha chai, ikihesabiwa na ile iliyojificha ndani ya makayabo na kibe. Pombe nyingi nayo inapandisha tansio, iwe ya kiwanda au kanyanga.

AVC si ya wazee peke yao. Mtoto mwenye ugonjwa wa SS anaweza kuipata, na mama mwenye mimba ambaye tansio yake imepanda pia.

Ikitokea nyumbani, angalia saa, kwa sababu mganga atauliza ilianza saa ngapi: dawa ya kuyeyusha bonge inatolewa ndani ya saa 4 na nusu tu, tena baada ya skana. Usimpe chakula, maji wala dawa ya kutapisha, maana koo linaweza kuwa limelegea na vikaingia katika mapafu. Usimpe aspirini: kama mshipa umepasuka, utaongeza damu. Hata kidonge cha tansio cha jirani kiache. Akizimia, mlaze kwa ubavu, mtafute gari. Na dalili zikipotea zenyewe baada ya dakika kumi, mpeleke vilevile. Hiyo inaweza kuwa ya kwanza, na kubwa inakuja nyuma yake siku chache.

Baba mdogo yuko hai. Anatembea na fimbo, anacheka, ila jina langu linampotea, ananiita kwa mkono. Watu wa ile ndoa walikaa miezi bila kusalimiana na familia yetu.

Wiki ile ile mganga alitwambia sisi wote wa nyumba tupimwe, kwa sababu tansio inatembea katika familia. Nina miaka 34, sikuwa ninasikia kitu. Alikuta 15 kwa 10. Nilirudi baada ya wiki mbili, ikawa ile ile. Sasa ninameza kidonge kimoja kila asubuhi, na mke wangu ameondoa chumvi mezani.