Panado ya Saa Kumi na Mbili

Kila mama mlezi wa Dar es Salaam anaijua, hata kama hajaiona ikinyweshwa. Mtoto analetwa saa moja asubuhi, paji la uso limepoa, amechangamka kiasi, na mzazi anamkabidhi harakaharaka huku bodaboda inamsubiri. Saa nne mtoto anaanza kulialia na kukataa uji. Saa tano mwili unawaka moto. Parasetamo hushusha homa kwa saa nne hadi sita, kwa hiyo hesabu yake haina fumbo: dawa ilinyweshwa saa kumi na mbili, kabla ya kutoka nyumbani, ili mtoto apokelewe mlangoni. Na kufikia hiyo saa tano ameshakunywa kwenye kikombe cha mwenzake, ameshatafuna mdoli unaotafunwa na wote, na amelazwa godoro moja na wengine wawili.

Sizungumzii zile dei kea za geti na katuni zilizochorwa ukutani. Nazungumzia sebule ya Tabata, Mbagala au Kimara, ambako makochi yamesukumwa pembeni, mkeka umetandikwa, na mama mmoja na binti wa kumsaidia wanakaa na watoto wanane, pengine kumi na wawili. Wa miezi minne na wa miaka mitatu wako chumba kimoja. Likizo ya uzazi kwa mwajiriwa ni siku 84, au 100 kwa aliyejifungua mapacha, na kwa mama ntilie au muuza mitumba haipo kabisa. Zikiisha, mlango ulio karibu na ada inayolipika ni huo wa sebuleni.

Watoto wadogo wanaolelewa kwa pamoja huugua. Hilo halizuiliki, na mzazi anayetafuta kituo ambacho mtoto hatashika mafua atatafuta mpaka mtoto aanze darasa la kwanza. Mtoto wa umri huo anaweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na aliye kwenye kundi hupata zaidi. Makamasi peke yake, bila homa na bila kuchoka, si sababu ya kumfungia ndani. Tungesema kila mwenye makamasi abaki kwao, vituo vyote vya mji huu vingefungwa tangu Machi hadi Agosti.

Mlipuko ni jambo jingine. Mlipuko ni pale wawili wanapoharisha Jumatatu, wanne Jumatano, na Ijumaa binti wa kazi naye yuko chooni. Nikiangalia namna mambo haya yanavyokwenda, naona ugonjwa hausafiri kwa kikombe na mdoli tu. Unasafiri kwa kunyamaza. Mzazi wa kwanza alijua tangu Jumapili usiku, hakusema. Mlezi alijua tangu Jumatatu mchana, naye hakusema. Wa tatu akaambiwa "ni meno hayo". Meno yamebebeshwa mengi katika nchi hii.

Kabla hatujamlaani huyo wa kwanza, tuangalie ana nini mkononi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku zisizopungua 4 za likizo yenye malipo mtoto wake akiugua au akifariki. Siku hizohizo ndizo anazozitumia akifiwa na mwenza, mzazi, babu, bibi, mjukuu au ndugu. Na si 4 kwa mwaka, ni 4 kwa mzunguko wa miezi 36. Mtoto mmoja mwenye tetekuwanga anazimaliza zote na kubakiza deni, na zaidi ya hapo ni huruma ya bosi, bila malipo. Anayelipwa kwa kutwa hana hata hizo. Mzazi huyo anaijua hatari vizuri tu. Amepima homa ya mtoto na kodi ya nyumba, akachukua chupa ya panado.

Mlezi naye ana hesabu zake. Analipwa kwa siku au kwa wiki kwa kichwa cha mtoto, kwa hiyo kila anayemrudisha ni hela inayoondoka. Akitangaza kwamba kuna kuhara, kesho wataletwa watatu, na wengine watahamia kwa jirani wa pili. Kuna na hofu nyingine isiyosemwa: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kisajiliwe, na sebule nyingi hazijasajiliwa. Ukimwambia amwite bwana afya, anachosikia yeye ni kwamba atafungiwa kazi.

Ndiyo maana mzazi anayetaka kweli kuukata mlipuko haanzi na shutuma. Anaanza na simu, na afadhali apige kuliko kuandika. "Shikamoo mama. Wangu kaamka anaharisha, nimemzuia. Kuna mwingine mwenye hali hiyo?" Ukianza kwa kusema la mwanao, umempa mlezi ruhusa ya kusema la wengine. Ukianza na "mtoto wangu ameambukizwa kwako", umemfunga mdomo, na wazazi wengine saba hawatajua kitu. Ukishaongea naye, muulize kama atatuma ujumbe kwenye kundi la wasapu au akuombe umwandikie. Wengi hushukuru kuandikiwa. Ujumbe wenyewe hauhitaji jina la mtoto yeyote:

"Habari za jioni wazazi. Tangu jana watoto wawili wanaharisha na kutapika. Tafadhali angalieni wenu leo usiku. Mwenye dalili abaki nyumbani mpaka ipite siku nzima na zaidi bila kuharisha. Kesho tunafua mashuka na kuosha vifaa vyote. Kila mtoto aje na kikombe chake na taulo lake."

Kisha subirini yule atakayejibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne. Huyo hakosekani.

Kuhara ndiko kunakoua, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Mtoto anayeharisha anakaukiwa na maji, na dawa yake ya kwanza ni pakiti ya ORS iliyokorogwa katika lita moja kamili ya maji safi, si nusu lita ili "iwe kali". Chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe kila anapoharisha, kidogokidogo, kwa kijiko kama anatapika. Anayezidi miaka miwili apewe nusu hadi kikombe kizima. Yanayobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Pamoja na ORS kuna vidonge vya zinki vinavyoyeyuka kwenye maji: miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa mtoto aliye chini ya miezi sita, kwa siku 10 hadi 14. Wengi huacha siku ya tatu, kuhara kulipokoma, wakaona dawa imekwisha kazi. Anayenyonya aendelee kunyonya. Na ile flajili inayonunuliwa dukani bila kupimwa haina kazi kwenye kuhara maji kunakoletwa na virusi. Duka la dawa muhimu lililo jirani litakuuzia ukiomba. Omba ORS.

Kuna mambo hayasubiri mlezi wala kundi la wasapu. Mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege, aliyelegea mpaka haamki vizuri, anayeharisha damu, au ambaye macho yamezama na ngozi ya tumbo ukiifinya inachelewa kurudi: huyo ni zahanati saa hiyohiyo. Na kwa hapa kwetu homa ni kupima malaria kwanza, hata kama kituo kizima kina mafua. Mtoto anaweza kuwa na vyote viwili. Kama watu kadhaa wameanza ghafla kuharisha maji yanayofanana na maji ya mchele, hilo si la kituo tena. Mji huu haujasahau kipindupindu kilichoanzia Kinondoni Agosti 2015. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Macho mekundu ni mepesi kwa mwili lakini ni mazito kwa ratiba. Januari 2024 Wizara ilipotangaza mlipuko, Dar es Salaam ilikuwa inatazamana kupitia miwani myeusi. Kirusi hicho hupita kwa vidole na taulo. Katika sebule nyingi kuna taulo moja linaloning'inia nyuma ya mlango, na linafuta nyuso zote kwa zamu baada ya chakula. Mwenye jicho moja linalotoa matongotongo asubuhi ameshawagawia wenzake kabla ya usingizi wa mchana. Mtoto akae nyumbani mpaka macho yaache kutoa uchafu. Maji ya chai ya rangi, maziwa ya mama, mate ya bibi, vyote vikae mbali na jicho. Matone yenye steroidi, ambayo muuzaji atakupa kwa nia njema kabisa, yanaweza kuliharibu jicho lisilopimwa.

Tetekuwanga huambukiza siku moja au mbili kabla upele haujatokea, kwa hiyo ukimwona wa kwanza, wengine wameshapata. Bado mgonjwa abaki nyumbani mpaka malengelenge yote yakauke na kufanya magamba. Asipewe asprini. Na ulizeni bila aibu: nani kati yetu ana mimba? Mjamzito ambaye hakuwahi kuugua tetekuwanga akamwone mkunga mapema. Surua nayo huambukiza siku nne kabla ya upele na siku nne baada yake, na hiyo ina chanjo, miezi 9 na miezi 18. Chanjo ya rota, ile ya kuhara kukali kwa wachanga, imekuwepo kwenye kiliniki zetu tangu 2013. Walezi wachache sana huomba kuona kadi ya kiliniki siku ya kwanza. Mwombe aanze na yako. Wengine wataona aibu kukataa.

Halafu kuna yale malengelenge ya viganjani, nyayoni na mdomoni, ambayo watu huyaita tetekuwanga na siyo. Mtoto huumwa kwa siku chache, akakataa kula kwa sababu mdomo unauma, akapona. Kirusi chake hubaki kwenye kinyesi kwa wiki kadhaa baada ya hapo. Kumzuia mwezi mzima haiwezekani. Kinachowezekana ni sabuni kila baada ya kubadilisha nepi, pamoja na za yule aliyekwisha pona.

Nimewahi kukaa asubuhi moja kwenye sebule ya namna hiyo na kuangalia mikono ikinawishwa. Beseni moja la buluu, maji yaleyale, watoto wanapanga mstari kwa furaha na kutumbukiza mikono mmoja baada ya mwingine. Wa kwanza ananawa. Wa nane anaoga uchafu wa saba. Dumu la lita tano lililotobolewa tundu karibu na kitako na kuzibwa kwa kijiti, likawekwa juu ya stuli, linamaliza tatizo hilo bila gharama: maji yanachuruzika, hayarudi. Chupa ya kitakasa mikono ambayo wazazi hupenda kununua na kujisikia wamechangia haitoshi hapa, maana virusi kadhaa vya kuharisha na vya macho mekundu havitishwi nayo sana. Nunueni sabuni ya mche.

Matapishi na kinyesi sakafuni vifunikwe kwanza kwa kitambaa, vimwagiwe jiki iliyochanganywa kipimo kimoja kwa maji vipimo sita, viachwe dakika kumi ndipo vifutwe. Kwa midoli ya plastiki na meza, kijiko kimoja cha chakula cha jiki kwa lita moja ya maji kinatosha, kisha isuuzwe kwa maji safi. Hesabu hizi ni za jiki ya asilimia 3.5, soma lebo. Isichanganywe na dawa ya choo hata siku moja. Midoli ya manyoya ifuliwe au ipumzishwe. Magodoro yatolewe juani.

Lakini nani atanunua hiyo jiki? Hapa ndipo kundi la wasapu huwa kimya ghafla. Mlezi amepokea watoto watatu badala ya kumi, na tunamtaka anunue sabuni, afue mashuka, na awe mkweli. Msimamo wangu ni huu: mzazi aliyemzuia mtoto kwa ugonjwa aendelee kulipa nusu ya ada ya siku hizo. Najua jibu la akina baba, nimelisikia: "Nilipie mtoto ambaye hakwenda?" Ndiyo, nusu. Nusu hiyo ndiyo inayomwezesha mlezi kumwambia mzazi wa saa moja asubuhi "huyu leo arudi" bila kuwaza mlo wa jioni. Mzazi naye apate kitu kwa upande wake: mlezi asimwondolee nafasi, na ampigie simu yeye kabla ya kumpa mtoto dawa yoyote.

Kubaki nyumbani pia kugawanywe. Kuna nyumba nyingi ambamo siku za mama kazini huisha kwa homa za watoto, na za baba zimetunzwa nzima kama akiba ya benki, ilhali sheria niliyoitaja inazungumzia mtoto wa mfanyakazi, si mtoto wa mama. Wazazi wawili wa kituo kimoja wenye zamu tofauti wanaweza pia kupeana siku kwa watoto wao ambao wameshaugua ugonjwa uleule. Hao hawana jipya la kuambukizana.

Makubaliano hayo ya nusu ada, nani apigiwe simu, na dalili zipi zinamrudisha mtoto mlangoni, yaandikwe kwenye daftari lilelile la malipo, siku ile mnayolipa ada ya kwanza. Siku ya mlipuko hakuna anayesikilizana na mwenzake.