Nyasi zinazojifunika blanketi

Kama umekulia Mogogosiek, unaijua jalidi. Usiku mmoja tu, asubuhi majani ya chai yamebabuka kahawia na pesa za mwezi zimepungua.

Sasa fikiria mmea unaokumbana na baridi hiyo karibu kila usiku. Mlimani Kenya, ukipita mita 3,500 hivi, miti imeisha. Umebaki na mafungu ya nyasi ngumu, Festuca pilgeri. Kwenye majimaji kuna Carex monostachya, jamaa wa ndago zile zinazokusumbua shambani. Olov Hedberg, mtaalamu wa mimea kutoka Uswidi aliyezuru milima yetu 1948, alisema huko ni kiangazi kila mchana, kipupwe kila usiku.

Siri yao? Majani yaliyokufa hayadondoki. Yanabaki shinani, yanakinga machipukizi ya ndani yasigande. Blanketi la bure, bana!

Ila blanketi hilo ni kavu, na linawaka upesi. Machi 2012 moto ulichoma eneo kubwa la mlima huo, chimbuko la Tana na Ewaso Ng'iro. Kwa hivyo mkipanda na marafiki, chai pikeni kwa gesi, na kiberiti kisichezewe.