Nyumba Yajengwa, Kiwanja ni cha Nani?

Ukifika katikati ya Nairobi mwezi wa Julai au Agosti, hukosi kuwaona. Ni vijana wanafunzi waliovaa fulana za rangi moja zenye jina la kanisa lao kifuani, wamekusanyika karibu na Bustani ya Uhuru au mbele ya kanisa kuu la All Saints, wakingoja basi. Wengi hutoka Marekani, na siku hizi wamo pia wa vyuo vyetu wenyewe. Ukiwauliza wamejia nini, jawabu lao ni moja: kujenga.

Sisi watu wa pwani twaijua misheni tangu zamani. Krapf na Rebmann waliweka makao Rabai mwaka 1846. Freretown ilianzishwa mwaka 1875, na huko watu waliokombolewa utumwani wakapata pa kukaa. Hata Nairobi, mapadri waliotangulia kukaa pwani ndio waliofungua misheni ya St. Austin's mwaka 1899, katika vitongoji vya magharibi. Lakini wale wa zamani walijenga ili wakae. Hawa wa leo hujenga wiki mbili, kisha hurudi kwao.

Jumuiya inayojulikana zaidi kwa kazi ya namna hii ni Habitat for Humanity. Ilianzishwa Marekani mwaka 1976 na Millard Fuller na mkewe Linda, ikaingia Kenya mwaka 1982. Jina lake lilivuma zaidi mwaka 1984, Jimmy Carter, aliyekuwa Rais wa Marekani, alipokwenda New York kushika nyundo pamoja na wajenzi wake. Jambo la kumshangaza msomaji Mwislamu ni msingi waliouweka waasisi hao. Nyumba haikutolewa bure. Mwenyewe alitia jasho lake katika ujenzi, kisha akalipa gharama kidogo kidogo, bila faida na bila riba. Wao walisema wameuchota msingi huo katika Biblia. Sisi twaujua kwa jina la karadha njema.

Nilipanda matatu mpaka Kawangware nikaitazame kazi kwa macho yangu. Kundi la kanisa moja lilikuwa likimtengenezea bibi mmoja mzee chumba chake cha futi 10 kwa 10. Mabati yalikuwa yameliwa na kutu, na sakafu ilikuwa udongo mtupu. Vijana wakapitishiana makarai ya zege mkono kwa mkono. Viganja vyao vilikuwa laini, na saa ya kwanza mwashi wa pale aliwakosoa kuliko alivyowatumia. Hata hivyo hawakununa wala hawakutegea. Ilipofika adhuhuri sakafu ilikuwa imesawazishwa, na bibi ameketi juu ya ndoo, machozi yakimlengalenga.

Jirani yake mmoja akanivuta kando. Alikuwa na hofu, na sikuona namna ya kumwondolea. Yule bibi ni mpangaji. Mwenye nyumba akiona sakafu ya saruji na mabati mapya, nani atamzuia asipandishe kodi? Na kodi ikipanda, bibi atahama, ataingia mwingine mwenye uwezo, na sadaka ya wale watoto itakuwa imemfaa tajiri.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lenyewe. Kawangware na Kangemi zilikuwa mashamba ya wenyeji wa Dagoretti kabla mji haujapanuka ukazimeza. Ardhi ina wenyewe, na wengi wa wakazi hulipa kodi ya chumba mwezi hadi mwezi. Mwenye mwiko na saruji aweza kuinua ukuta kwa siku chache, lakini hawezi kumwinulia mpangaji kiwanja.

Msomaji wa Mombasa asicheke. Kwetu Majengo watu wamejenga nyumba juu ya ardhi ya wengine, wakamlipa mwenye ardhi kodi yake kila mwezi, na baba akifa huwarithisha wanawe kuta na paa tu. Tangu ilipopitishwa sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, ni wangapi pwani walioambiwa kuwa pale walipozikwa babu zao pana hati ya mtu mwingine?

Basi wale vijana tuwalaumu? La. Aliyesafiri mbali akachubuka viganja kwa ajili ya mtu asiyemjua ametenda wema, awe wa dini yoyote. Nasi kazi hii si ngeni kwetu. Nyumba za fito na udongo zilikandikwa na majirani wote, kina mama wakachota maji na kupika, na mwenye nyumba hakulipa ila chakula.

Tena sisi tuna kitu ambacho vijana wale hawakuja nacho. Tuna wakfu. Ardhi iliyowekwa wakfu kwa maskini haiuzwi, hairithiwi, na mtu hawezi kuamka asubuhi akaigeuza mali yake. Tume ya Wakfu ina ofisi yake papo hapo Mombasa. Wanafunzi wetu wa madrasa na wa vyuo wana nguvu na wana likizo. Wakipewa kipande cha ardhi ya wakfu, mwashi mmoja wa kuwaongoza, na wazee wa kuwasimamia, chumba watakachomjengea mjane kitabaki kuwa makao yake, wala hapana wa kumpandishia kodi kwa sababu ya sakafu mpya.

Swali ninalowaachia wazee wetu ni hili: ardhi ya wakfu iliyo mtaani kwenu, leo ina nini juu yake?