PARAKI MPYA: PIMENI KWANZA

Ninyi watu wa vijiji, sikieni. Paraki ni pori linalolindwa na sheria: ndani yake ni marufuku kuwinda, kulima na kuchimba mawe.

Angalieni Upemba, katika Katanga, iliyoanzishwa mwaka 1939. Faida yake ni hii: punda milia wangalimo, na mito ya milima ya Kibara inashuka mpaka maziwa yenye samaki wanaolisha watu wa migodi. Hasara ni hii: wenyeji walikatazwa mapori walimozoea kuwinda.

Sheria ya mwaka 2014 inataka wenyeji waulizwe kwanza. Basi ulizeni: Mpaka utapita wapi? Njia ya mtoni itabaki? Tembo akila shamba, nani atalipa? Jibu lipatikane mbele ya kukata mpaka, si nyuma.