Kiyoyozi cha Vyumba Vingi: Namna ya Kutafuta Chanzo cha Hitilafu

Katika Halmashauri ya Ushetu, wilayani Kahama, na katika ukanda wa dhahabu unaopanda kutoka Kahama kupitia Bulyanhulu hadi Geita, nyumba nyingi zimeezekwa kwa bati, na ifikapo Septemba na Oktoba, kabla mvua hazijaanza, vyumba vyake huwaka joto tangu adhuhuri hadi usiku. Ndiyo maana viyoyozi huhitajika si maofisini tu, bali pia katika nyumba za kulala wageni, maduka ya dawa na nyumba za familia. Miongoni mwa viyoyozi hivyo kuna mfumo wa vyumba vingi, yaani mashine moja iliyofungwa nje inayohudumia mashine za ndani mbili, tatu au hata tano, kila moja ikiwa na rimoti yake. Mfumo huu huokoa nafasi ukutani, lakini unapoharibika huweza kuwanyima ubaridi watu wengi kwa wakati mmoja, na mara nyingi tiba ya kwanza inayotolewa ni kuongeza gesi, hata pale ambapo gesi haikupungua.

Ili kuelewa hitilafu zake, ni vyema kwanza kuelewa mzunguko wake. Ndani ya mashine ya nje kuna kompresa, ambayo ni pampu inayoigandamiza gesi ya kupozea na kuisukuma katika koili, yaani mabomba yaliyokunjwa-kunjwa kati ya mapezi membamba ya alumini, ambamo gesi hupoteza joto na kugeuka kimiminika. Kimiminika hicho hupita katika vali za upanuzi, ambazo ni milango midogo inayofunguka na kufunga kwa amri ya umeme, na katika mifumo mingi kila chumba kina vali yake ndani ya mashine ya nje. Kikifika katika koili ya chumbani, huchemka kwa kunyonya joto la hewa, kisha hurudi kwenye kompresa kikiwa gesi. Kwa hiyo kila chumba kina mabomba mawili ya shaba, jembamba la kwenda na nene la kurudi, pamoja na waya wa mawasiliano unaoiwezesha mashine ya ndani kuieleza ya nje ni kiasi gani cha ubaridi kinachohitajika.

Mpangilio huo ndio unaozaa swali la kwanza ambalo kila mwenye nyumba anapaswa kujiuliza kabla ya kumwita fundi: je, tatizo liko katika chumba kimoja au katika vyumba vyote? Ikiwa vyumba vyote vimekosa ubaridi, chanzo hutafutwa katika vitu vinavyotumiwa kwa pamoja, yaani umeme, kompresa, feni ya nje, koili ya nje na kiasi cha gesi. Na ikiwa chumba kimoja tu ndicho kinachosumbua ilhali vingine vinapoa vizuri, chanzo hutafutwa katika vitu vya chumba hicho, yaani kichujio, feni yake, vihisio vyake vya joto, vali yake, waya wake na mabomba yake. Swali hili halihitaji kifaa chochote, nalo huondoa nusu ya mambo ya kukisiwa.

Vyumba vyote vinaposhindwa kupoa, umeme ndio wa kuchunguzwa mwanzo. Umeme wa majumbani nchini Tanzania ni wa volti 230, na viyoyozi vingi huvumilia tofauti ya takribani asilimia 10 juu au chini yake, yaani kati ya volti 207 na 253. Nyumba iliyo mwishoni mwa laini ndefu ya kijijini, au karibu na mashine za kukoboa mpunga na kusaga mahindi, inaweza kupata umeme ulio chini ya kiwango hicho nyakati za matumizi makubwa, na hapo kompyuta ndogo iliyomo ndani ya kiyoyozi husimamisha kompresa ili kuilinda. Kipimo cha volti hakina budi kuchukuliwa wakati kompresa inafanya kazi, kwa kuwa waya mwembamba au kiungo kilicholegea huonyesha volti nzuri mashine inapokuwa imezimwa, kisha volti huanguka mara inapobeba mzigo. Aidha, umeme unaporejea baada ya kukatika, kompresa husubiri takribani dakika tatu kabla ya kuwaka, jambo ambalo ni kinga ya kawaida na si ubovu.

Baada ya umeme hufuata vumbi. Barabara za changarawe zinazopitiwa na malori hufunika koili ya nje kwa vumbi jekundu, na katika maeneo ya tumbaku na pamba huongezeka masizi ya mabani ya kukaushia tumbaku pamoja na nyuzi za pamba zinazopeperushwa na upepo. Koili iliyozibwa haiwezi kutoa joto nje, na kwa hiyo shinikizo hupanda, kompresa huunguruma kwa nguvu, ubaridi hupungua kuanzia saa sita mchana, na hatimaye mashine hujizima, kisha usiku hufanya kazi vizuri kana kwamba haikuwa na tatizo. Kahama iko katika mwinuko wa takribani mita 1,200, ambako hewa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam na hubeba joto pungufu kwa kila mzunguko wa feni, kwa hiyo koili chafu huku huumiza mapema. Dawa yake ni kuzima swichi kuu na kuosha mapezi kwa maji ya mkondo wa taratibu, kwani maji ya shinikizo kubwa huyakunja.

Tatizo la chumba kimoja huanza kuchunguzwa kwenye kichujio, ambacho wakati wa kiangazi hufaa kuoshwa kila baada ya wiki mbili. Kikisafishwa, mtu aweke rimoti katika kiwango cha chini kabisa cha joto na feni kwa kasi ya juu, kisha baada ya dakika 15 apime hewa inayoingia na inayotoka. Katika mashine yenye afya, inayotoka huwa baridi zaidi kwa nyuzijoto 8 hadi 12 za selsiasi. Maji yakidondoka ukutani, kosa mara nyingi liko kwenye bomba la kutolea maji, ambalo huzibwa na ute, vumbi au kiota cha nyigu kwenye mdomo wake wa nje. Mijusi na sisimizi nao huingia katika saketi, na mjusi mmoja akigusa nyaya mbili anaweza kuiunguza.

Kuna hitilafu mbili ambazo ni za mfumo wa vyumba vingi pekee, na ndizo zinazowachanganya wengi. Ya kwanza ni mgongano wa amri: mashine ya nje ya aina ya kawaida haiwezi kupoza chumba kimoja huku ikipasha joto kingine, hivyo mgeni mmoja akibonyeza alama ya jua kwenye rimoti yake usiku wa Juni, chumba cha jirani kilichowekwa kupoza kinaweza kusimama huku taa yake ikimulika. Ya pili ni nyaya zilizopishana, ambapo waya wa chumba cha kwanza umeunganishwa kwenye mlango wa chumba cha pili. Matokeo yake ni kwamba chumba cha kwanza kikiwashwa, ubaridi hupelekwa cha pili. Cha kwanza kinabaki na joto, na koili ya cha pili, ambayo feni yake imezimwa, hushika barafu na baadaye kumwaga maji. Njia ya kubaini hali hiyo ni kuwasha chumba kimoja tu kwa dakika 15, kisha kugusa mabomba manene kwenye mashine ya nje: lililopoa ndilo linalopaswa kuwa la chumba kilichowashwa. Vyumba vyote vikiwashwa pamoja kosa hili hujificha, na ndiyo sababu linaweza kudumu tangu siku ya kufungwa.

Kuhusu gesi, ni muhimu kufahamika kwamba haiishi kama dizeli ya jenereta. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake ni kwamba imevuja, mara nyingi kwenye maungio yaliyokazwa kwa nati. Kuongeza gesi bila kuziba tundu ni kulipia hitilafu ileile mara mbili. Fundi makini hutafuta uvujaji, huziba, hutoa hewa na unyevu kwa pampu ya ombwe, kisha hujaza kwa mizani kulingana na uzito ulioandikwa kwenye kibao cha mashine. Gesi za R-22, R-410A na R-32 hazichanganywi kamwe. Ya kwanza inaondolewa sokoni duniani chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 kwa kuwa huharibu tabaka la ozoni, na ya tatu inaweza kushika moto, hivyo haipaswi kuachiwa ndani ya chumba kilichofungwa.

Ukanda wa Ziwa Viktoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, kwa hiyo waya wa ethi na kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme ni sehemu ya mfumo, si nyongeza ya anasa. Mwenye nyumba asifungue sanduku la umeme la mashine ya nje, kwa sababu hata baada ya kuzimwa hubaki kwa dakika kadhaa na chaji inayoweza kuua. Kazi yake ni kusafisha vichujio, kuandika msimbo wa hitilafu unaoonekana kwenye mashine, na kueleza ni chumba kipi, saa ngapi na katika hali gani tatizo hutokea. Kazi iliyobaki apewe fundi aliyesomea majokofu na viyoyozi, kama wale wanaofunzwa na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, naye asiruhusiwe kufungua mtungi wa gesi kabla hajaeleza gesi iliyopungua imevujia wapi.