Sura ya Sita: Sekunde Iliyorudishwa

Mtu aliyekulia kwenye soka letu husoma matokeo ya wikiendi haraka: nani kafunga, nani kafungwa, msimamo unasemaje. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu ligi yake ni ya hesabu. Timu 16, kila moja inakutana na kila nyingine nyumbani na ugenini, mechi 30, na mwisho wa yote msimamo hauna mjomba wala shangazi. Aliye juu ndiye bingwa.

Mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu hauna msimamo wa namna hiyo, wala hauwezi kuwa nao. Mwaka 2013 daraja la juu lilikuwa na timu zaidi ya 120, na kila moja ilikuwa na mechi 12 za kawaida. Huu si mchezo wa kucheza Jumatano ukarudia Jumamosi, miili haistahimili. Kwa hiyo timu nyingi humaliza msimu, hata miaka kadhaa, bila kuonana uso kwa uso, na bado lazima bingwa apatikane. Ndiyo maana shabiki wa huko akishaona timu yake imeshinda hazimi televisheni. Anabaki palepale akiiombea mabaya timu ya jimbo la mbali ambayo timu yake haijawahi kuigusa.

Wikiendi ninayotaka kuieleza ni ya Novemba 30, 2013, siku mbili baada ya Sikukuu ya Shukrani. Wengi huikumbuka kwa sekunde yake moja ya mwisho, nami nitaifikia, lakini sekunde hiyo haieleweki kwa anayeitazama peke yake.

Tuanze na konferensi. Neno hili huwachanganya watu kwa kuwa linafanana na mkutano wa watu wenye vitambulisho shingoni. Hapa maana yake ni jumuiya ya vyuo vilivyokubaliana kucheza vyenyewe kwa vyenyewe, kugawana fedha za televisheni na kumtafuta bingwa wao. Big Ten ilianzishwa mwaka 1896. SEC, ya vyuo vya kusini, ilianzishwa mwaka 1932. Majina yasikudanganye: mwaka huo wa 2013 Big Ten, yaani Kumi Kubwa, ilikuwa na vyuo 12, na tangu mwaka 2024 ina 18. Hakuna aliyeona haja ya kubadilisha kibao.

SEC ya wakati huo ilikuwa na vyuo 14, saba upande wa Mashariki na saba upande wa Magharibi. Kila timu ilicheza mechi nane za konferensi. Zile nne zilizobaki ilizicheza na wa nje. Bingwa wa Mashariki na bingwa wa Magharibi walikutana Atlanta wiki ya kwanza ya Desemba. Hapo kuna jambo ambalo mgeni hulipita bila kuliona: katika kuwania nafasi ya kwenda Atlanta, zile mechi nne za nje hazikuhesabiwa kabisa. Unaweza kumpiga jirani yako mkubwa, mji mzima ukalala barabarani kwa shangwe, na nafasi yako ndani ya konferensi isisogee hata nukta.

Yaliyoipata South Carolina usiku huo yanalionyesha hilo wazi. Ilikuwa nyumbani kwake, mji wa Columbia, ikicheza na Clemson, mtani wake wa jadi wa jimbo moja. Clemson ni ya konferensi nyingine, ACC. South Carolina ikashinda 31 kwa 17, mara ya tano mfululizo kumfunga mtani huyo. Lakini masikio ya mashabiki yalikuwa Missouri, kwenye mji mwingine ambao nao, kwa kioja tu cha majina, unaitwa Columbia. Huko Missouri ilikuwa ikicheza na Texas A&M. Missouri ikipoteza, South Carolina inakwenda Atlanta, kwa kuwa Oktoba ilishaifunga Missouri katika muda wa nyongeza. Missouri ikishinda, basi. Ikashinda, 28 kwa 21. Ulikuwa mwaka wake wa pili tu ndani ya SEC. Mwaka wa kwanza ilikuwa imeshinda mechi mbili kati ya nane za konferensi na watu wakasema imekosea njia. South Carolina ilikwenda kulala na ushindi mkubwa mkononi na safari iliyofutwa.

Juu ya konferensi kuna ngazi nyingine, na hii ndiyo inayonikera mimi: kura. Tangu mwaka 1936 shirika la habari la AP limekuwa likiwauliza waandishi wa michezo waziorodheshe timu bora nchini, siku hizi ya kwanza ikipata pointi 25, ya pili 24, hivyo hivyo hadi ya mwisho. Kuanzia mwaka 1998 ukawapo mfumo ulioitwa BCS, uliochanganya kura na hesabu za kompyuta, kisha timu mbili za juu kabisa zikacheza fainali. Mbili tu. Wa tatu hata kama hajafungwa na mtu aliambiwa asante kwa kuja. Mwaka 2013 ndio ulikuwa wa mwisho wa mfumo huo; uliofuata ukaanza mchujo wa timu nne, na mwaka 2024 wakafika 12.

Asubuhi ya Jumamosi ile, basi, orodha ilikuwa hivi: Alabama wa kwanza, Florida State wa pili, Ohio State wa tatu, Auburn wa nne. Watatu wa kwanza hawakuwa wamefungwa na yeyote. Auburn alikuwa amepoteza mechi moja tu, kwa LSU, mwezi Septemba. Milango ilikuwa miwili, waliopiga hodi wanne.

Ohio State alianza, saa sita mchana, Ann Arbor, kwa Michigan. Hawa wawili ni watani wa kweli. Msimu mbovu husamehewa kwa mechi hii moja. Michigan mwaka huo hakuwa na chochote cha kugombea isipokuwa kumharibia mwenzake, na mtu asiye na cha kupoteza ndiye wa kuogopwa. Zikiwa zimebaki sekunde 32, Michigan akaingia na mpira katika eneo la mwisho, yaani tachidauni, ambayo ni pointi sita. Ubao ukasoma 42 kwa 41.

Baada ya tachidauni timu ina hiari. Ipige mpira upite kati ya milingoti, ipate pointi moja, kazi nyepesi ambayo hukosewa kwa nadra. Au icheze tena kutoka yadi tatu na kujaribu kuingia kwa mara nyingine, ipate mbili. Moja ingeleta sare na muda wa nyongeza, maana tangu mwaka 1996 daraja hili halimalizi mechi kwa sare. Mbili zingeumaliza mchezo pale pale. Kocha Brady Hoke akachagua mbili. Kwotabeki wake, yaani mrushaji wa pasi, Devin Gardner, akarusha, na Tyvis Powell wa Ohio State akaudaka mpira usio wake. Ushindi wa 24 mfululizo kwa Ohio State. Walimlaumu Hoke, nami sikubaliani nao: alikuwa nyumbani, walinzi wa mpinzani walikuwa hoi, na kwenye muda wa nyongeza yule mwenye kikosi kipana ndiye hufaidi. Alichagua vizuri, akapata vibaya.

Siku hiyohiyo, kule Gainesville, Florida State akaifunga Florida 37 kwa 7. Sitakaa hapo. Florida ile ilikuwa imefungwa wiki moja kabla na Georgia Southern, timu ya daraja la chini ambayo haikukamilisha pasi hata moja mchana kutwa.

Sasa Auburn.

Alabama na Auburn ni vyuo vikuu viwili vikubwa vya jimbo la Alabama, na jimbo hilo halina timu katika ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huu ya kugawana nayo mapenzi. Ukizaliwa pale unaulizwa wewe ni wa upande gani. Walianza kucheza mwaka 1893. Baada ya mechi ya mwaka 1907 wakagombana juu ya posho za wachezaji na waamuzi, ugomvi wa fedha ndogo, wakasusiana miaka 41. Waliporudiana mwaka 1948 walikutana Birmingham, mji wa chuma, na ndiko mechi ilikopata jina la Iron Bowl. Auburn haikumpokea Alabama kwenye uwanja wake wa chuo hadi mwaka 1989.

Mwaka 2012 Auburn haikushinda mechi hata moja kati ya nane za konferensi, kocha akaenda na maji. Akaja Gus Malzahn. Alabama ya kocha Nick Saban ilikuwa bingwa wa taifa mara mbili mfululizo na ilikuwa ikiinukia ya tatu. Mshindi wa siku hiyo angekwenda Atlanta kwa upande wa Magharibi. Watu zaidi ya elfu 87 wakajaa Jordan-Hare, uwanja wa Auburn.

Katika robo ya mwisho kwotabeki wa Alabama, AJ McCarron, akiwa amebanwa kwenye mstari wake mwenyewe, alimrushia Amari Cooper pasi ya tachidauni ya yadi 99, na Alabama ikatangulia 28 kwa 21. Siku nyingine yoyote pasi hiyo ingekuwa hadithi ya mwaka. Kisha Alabama ikafika yadi 13 za Auburn. Saban hakutaka kupiga mpira milingotini, kwa kuwa mpigaji wake, Cade Foster, alikuwa na siku mbaya. Akaamua kutafuta yadi moja kwa nguvu za miguu, akazuiwa. Auburn ikasawazisha. Sekunde 32 zilikuwa zimebaki, zilezile za Ann Arbor.

Alabama ikachukua mpira. T.J. Yeldon akakimbia hadi yadi 38 za Auburn akatoka nje ya mstari, na saa ikasoma sifuri. Wengine tayari walijiandaa kwa muda wa nyongeza. Saban akadai kuwa mguu ulitoka kabla ya saa kuisha. Waamuzi wakatazama marudio, wakakubali, wakairudisha saa: sekunde moja.

Aliiomba mwenyewe. Aliitumia kumwingiza Adam Griffith, kijana mpigaji wa akiba, ajaribu milingoti kutoka yadi 57. Malzahn akasimamisha mchezo, akatumia nafasi hiyo kumpeleka Chris Davis, mtoto wa Birmingham, akasimame peke yake chini ya milingoti.

Hapa ndipo kanuni inapotangulia mbele ya bahati. Kwetu mpira uliopigwa ukapita nje ya goli umekufa, unasubiri kuanzishwa. Kwao, mpira uliopigwa ukapunguka kabla ya kufika milingotini ungali hai. Anayeudaka anaweza kukimbia nao. Kikosi kinachopiga kimepangwa kwa kuzuia: kimejaa majitu ya kilo 130 na zaidi, waliochaguliwa kusimama kama ukuta. Hawakuchaguliwa kumfukuza mtu. Saban aliiona sekunde ile kama nafasi ya bure. Ukikosa, tunakwenda muda wa nyongeza. Kumbe alikuwa ameingiza uwanjani kundi lisiloweza kukimbia, dhidi ya kundi lenye wakimbiaji.

Mpira ukapunguka. Davis akaudaka karibu na mstari wa nyuma kabisa, akaanza kwa mwendo wa mtu asiye na hakika, kisha akakata kushoto akafuata mstari wa pembeni. Wenzake walishamgeukia kila aliyevaa jezi ya Alabama na kumziba. Vitabu vya kumbukumbu vinaandika yadi 100; miguu yake ilikimbia kama 109. Auburn 34, Alabama 28, na uwanja ukamezwa na watu waliomiminika kutoka majukwaani.

Bado mechi nyingine zilikuwa zimechezwa mchana huo. Duke, chuo kinachojulikana kwa mpira wa kikapu, kiliifunga North Carolina 27 kwa 25, kikafikisha ushindi wa kumi kwa mara ya kwanza katika historia yake na kujipatia fainali ya ACC. Kule kilingojewa na Florida State, kikala 45 kwa 7. Konferensi ina njia zake za kukupa zawadi.

Jumapili orodha mpya ikatoka: Florida State, Ohio State, Auburn, Alabama. Tazama Ohio State. Alipanda kutoka wa tatu hadi wa pili, penye mlango wa fainali, kwa mpira uliopigwa katika jimbo ambalo hakulikanyaga, na kijana asiyemfahamu. Auburn, pamoja na shangwe zake zote, alibaki nje ya mlango akimhitaji mtu amfunge Ohio State. Mtu huyo alikuwa Michigan State, Desemba 7, fainali ya Big Ten, 34 kwa 24. Siku hiyohiyo Auburn aliichapa Missouri, ile iliyowazuia South Carolina, kwa 59 dhidi ya 42.

Hivyo Auburn ikaenda Pasadena, Januari 6, 2014, kucheza na Florida State. Katika dakika za lala salama ikaongoza 31 kwa 27. Zikiwa zimebaki sekunde 13, Jameis Winston wa Florida State akamrushia mwenzake Kelvin Benjamin pasi ya tachidauni katika eneo la mwisho, na safari hii hakuna aliyeomba saa irudishwe.